Aliyeamka Kabla ya Bibi

Bibi yangu husalimia kila kinachoamka ndani ya nyumba yake. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine yote yasingetokea. Akifungua banda, mbuzi wanasalimiwa. Kuku anayeatamia mayai chini ya kitanda chake anasalimiwa, tena kwa sauti ya chini, maana anayelea hapigiwi kelele. Mimi ndiye wa mwisho, kwa kuwa ndiye ninayechelewa kuamka. "Mwangaluka," anasema, yaani umeamkaje, na haondoki mlangoni mpaka uitikie.

Kwa hiyo asubuhi ile laptopu yangu ilipoamka yenyewe, Bibi aliisalimia.

Nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia feni ya ile mashine ikivuma kama mtu anayehema baada ya kutua mzigo, halafu mlio mmoja mfupi, halafu sauti ya Bibi: "Mwangaluka." Kimya. Akarudia. Nikadhani tumepata mgeni. Nilipochungulia nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mabegani, anaitazama skrini. Nje hakujapambazuka vizuri. Uso wake wote ulikuwa wa bluu.

"Umeiwasha, Bibi?"

"Mimi? Mimi najua kuwasha moto tu. Imeamka yenyewe. Na haina adabu, haiitikii."

Laptopu nilinunuliwa na mjomba. Yeye ni mchimbaji mdogo, anahama na maduara, yale mashimo ya dhahabu, leo upande wa Bugarama, kesho upande wa Geita, na mwaka ule alikuwa amepata chochote. Kahama kuna fundi anayeuza kompyuta zilizotoka maofisini, na hii ilitoka kwenye kampuni moja ya kuchoronga miamba iliyomaliza kazi zake ikaondoka. Ni nyeusi, nzito, pembe zimechubuka. Mjomba alisema ni ya kusomea. Mimi niliitaka kwa sababu nyingine. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa jibu huwa nalijua, ila linaishia kooni. Kuandika naweza. Nilitaka mahali pa kuandikia siku zangu ambapo hakuna mtu angepafungua na kusoma.

Ilikaa chumbani kwa Bibi kwa sababu soketi inayofanya kazi iko huko peke yake. Nilikuwa naichomeka jioni na kuiacha wazi isipate joto.

Kesho yake iliamka tena, mapema vilevile. Safari hii nilikuwa macho, nikawahi kuona inavyoanza. Kabla ya kitu kingine chochote, skrini ilitoa mistari miwili ya herufi nyeupe: jina la kampuni, na chini yake jina la mtu.

"Hayo maandishi yanasemaje?" Bibi akauliza.

Nikamsomea. Lilikuwa jina la mwanaume, la Kisukuma, la kawaida kabisa. Ukiliita kwa sauti pale sokoni Tinde wanageuka wanaume kadhaa.

"Kumbe ana jina!" akasema Bibi. "Ndiyo maana alininyamazia. Nimemsalimia kama mbuzi."

Kuanzia hapo akawa anamsalimia kwa jina. Kila alfajiri, kwa sauti yake ile ya kuvuta, jina la mwanaume, kisha mwangaluka, kisha maneno mawili matatu ya utani: haya, amka ukafanye kazi, jua hilo linatoka. Mimi nilicheka. Na niseme ukweli, nilipenda. Nyumba ya watu wawili ni kimya sana.

Ila Jumamosi haikuamka. Jumapili haikuamka. Jumatatu alfajiri, feni, mlio, jina.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Kitu kilichoharibika kinaharibika siku yoyote. Hiki kilikuwa kinajua siku za kazi.

Nikaanza kuona na mengine. Kila ilipoamka, kitaa kidogo pembeni mwa kamera kiliwaka mara moja kikazimika, kama mtu aliyefumbua jicho akalifumba. Nilibandika plasta ya kidonda juu yake. Nikiwa naandika siku zangu na aibu zangu, nilihisi kuna mtu nyuma ya maneno anayasoma yakitoka. Nikaanza kuandika kwa uwongo kidogo, nikijisifia mambo ambayo sikufanya, ili huyo anayesoma asinidharau. Nilipogundua nafanya hivyo niliacha kabisa kuandika.

Mjomba aliporudi aliipeleka kwa fundi Kahama. Fundi akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, akasema imekuwa kama imetoka dukani leo. Tukaichomeka jioni. Alfajiri nilikuwa nimekaa kitandani na Bibi, tumejifunika shuka moja, tunangoja.

Feni. Mlio. Mistari miwili. Jina.

"Amerudi," Bibi akasema, wala hakuonekana kushangaa. Akamsalimia.

Dirisha la Bibi linatazama ua wa minyaa, na ng'ambo ya minyaa ni kwa jirani yetu, mama mmoja mwenye watoto wadogo. Yeye na Bibi walikuwa wanapeana vitu juu ya ua bila kuita: huku inapita chumvi, huku inarudi michembe, viazi vile vikavu vya kuchemsha na karanga. Mume wake alifukiwa duarani huko upande wa Geita. Walichimba wakachoka, hawakumpata. Walizika nguo zake.

Sasa, huku kwetu mwanaume akishapata mtoto jina lake linalala. Anaitwa baba wa mtoto fulani mpaka mwisho. Kijiji kizima tulimwita kwa jina la binti yake wa kwanza. Jina lake mwenyewe alikuwa analijua mke wake, na labda mama aliyemzaa. Mimi sikulijua. Bibi alipata kulijua, akalisahau. Ndiyo maana hakuna kati yetu aliyefikiri lolote tulipokuwa tunaliita kila alfajiri, dirisha likiwa wazi, na yule mama ng'ambo ya minyaa amelala peke yake, anasikia mume wake akiamshwa aende kazini.

Nilianza kuyasikia maneno ya watu bombani, kwenye foleni ya ndoo.

"Nyie kwenu kuna mtumishi wa serikali, eti? Jumamosi anapumzika."

"Analipwa na nani, bibi yako?"

"Muulizeni anakula nini!"

"Mwacheni, huyu haongei. Na yeye wamemkata ulimi."

Walicheka. Nikajaza ndoo nusu nikaondoka. Njiani msichana mmoja wa darasa langu alinifuata, akaniambia kwa kunong'ona, bila kucheka: "Wanasema bibi yako ana msukule. Mume wa jirani yenu, kila alfajiri anaitwa kwa jina lake."

Kwa asiyejua, msukule ni mtu ambaye watu wanaamini hakufa. Amechukuliwa, likazikwa gogo au nguo, na yeye anafichwa ndani ya nyumba ya aliyemchukua. Haongei. Haitikii salamu. Alfajiri anaamshwa kwenda kumfanyia kazi mwenye nyumba, na watu hawamwoni.

Nilisimama njiani, maji yakinimwagikia miguuni. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Kama ningekuwa mimi ndiye niko ng'ambo ya ua, ningeamini.

Bibi ni mjane. Amepikia kuni na mavi ya ng'ombe miaka yake yote na macho yake ni mekundu. Upande wetu huu bibi mwenye macho mekundu hahitaji kuambiwa ni hatari gani; amewahi kusindikiza makaburini wenzake walioitwa wachawi.

Michembe iliacha kupita juu ya ua. Nikimwamkia yule mama, "Shikamoo," anageuza uso. Kisha ikaja asubuhi ya mafiga.

Bibi anapikia nje, mawe matatu, ameyakuta hapo tangu alipoolewa. Asubuhi hiyo tulikuta yameng'olewa. Hayakuibwa. Yalikuwa palepale, ila kila moja limegeuzwa, upande wenye masizi unatazama nje, na katikati, mahali pa moto, pamemwagiwa maji. Huku kwetu mtu akikugeuzia mafiga amekwambia uhame. Akikwambia mara ya pili hasemi kwa mawe.

Bibi aliyazunguka mara moja. Hakuyagusa. "Wa kurudisha ni yule aliyegeuza," alisema. "Mimi nikirudisha, nimekubali kwamba yalikuwa yangu kurudisha." Akaingiza jiko la mkaa ndani, akapikia humo, na macho yakazidi kuwa mekundu.

Mjomba alikuja kwa pikipiki jioni ileile. "Mama, panda twende Kahama. Leo."

"Nikikimbia watasema nini?"

"Waseme! Ukiwa hai watasema, ukiwa..." Hakumalizia. Akanigeukia mimi. "Na hilo lidude naliponda kwa nyundo sasa hivi."

"Liponde," Bibi akasema, "halafu watasema nimemla wa pili. Usiguse."

Kamanda wa sungusungu, mzee wa makamo anayelinda usalama wa kijiji na wenzake, alipita kutuambia kwamba Jumapili mchana atakuja na watu kuuliza jambo hili hadharani. Alisema kwa heshima, akaitwa ndani akakataa kuingia. Alipokuwa anaongea nilimwona anachungulia mlango wa chumba cha Bibi.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa kike aliyekuja kwa muda kufundisha kompyuta, mgeni, wa huko Pwani kwa lafudhi. Nilisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka akaniona mwenyewe.

"Unahitaji nini, binti?"

"Mwalimu, laptopu yangu ina mtu."

Hakucheka. Akavuta kiti. "Mtu gani?"

Nikamweleza. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mtu asiye Bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali ya ajabu: siku umeme ukikatika inaamka? Nikafikiri. Hapana, siku ile ya mvua kubwa haikuamka. Ukibonyeza hiki na hiki inapoanza, inakuomba neno la siri? Ndiyo, na fundi alishindwa kulijua. Akaegemea kiti.

"Fundi alibadilisha viti na meza," alisema. "Huyo mtu wako hakai kwenye viti. Yuko kwenye msingi."

Akanieleza kwamba ndani ya kila kompyuta kuna chipu ndogo, punje ya haragwe ni kubwa kuliko yenyewe, na ndani yake kuna programu inayoamka kabla ya zote, ndiyo inayoamsha nyingine. Inaitwa fimwea. Ukifuta mashine yote, yenyewe haifutiki, kwa sababu haiko kule unakofuta. Mtu wa ofisini aliandika humo jina la mfanyakazi, akaweka amri mashine iwake kila siku ya kazi kabla watu hawajafika, halafu akafunga kwa neno la siri. Kampuni ikaondoka. Amri ikabaki.

"Na lile jicho? Kamera?"

"Hapo sijui," akasema, na nikampenda kwa kusema hivyo. "Huenda ni kuwaka tu inapopata umeme. Huenda kuna kitu kinachotuma habari. Kiwandani walipoitengeneza hiyo fimwea hawakutaka mtu aisome. Siwezi kukuapia kuhusu kitu nisichoweza kukisoma."

Nilikuwa nimekaa na msukule kwa muda wote huo na sikujua kwamba kijiji kilikuwa karibu na ukweli kuliko fundi. Kitu kisichoongea. Kimefungwa. Kinaamka kwa amri ya mtu ambaye hayupo tena, kumfanyia kazi mtu ambaye si sisi. Walikosea nyumba ya mchawi tu.

Mwalimu akasema kuna fimwea nyingine, huria. Imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wasiofahamiana, na msimbo wake wote, yaani maagizo yote mstari kwa mstari, umewekwa wazi. Yeyote anausoma. Akikuta kosa anasema, wengine wanarekebisha. Unaiweka kwenye mashine yako mwenyewe bila kumwomba mtu, na hakuna mlango wenye kufuli ya mwingine. Mashine kuukuu inapata maisha mapya, inawaka haraka zaidi. Laptopu yake mwenyewe alikuwa ameifanyia hivyo.

"Ya kwako ni ya zamani, na ni katika zile zinazokubali. Una bahati."

"Mpya hazikubali?"

"Nyingi hapana. Zimefungwa hata msingi hauguswi." Kisha akaninyooshea kidole. "Ila nikikosea, inakufa. Kufa kabisa, haiwaki tena. Kamwambie bibi yako."

Nikamwambia. Bibi alikuwa anapepeta mchele. "Ikifa, ife," alisema. "Lakini ife mbele ya watu."

Kwa hiyo Jumapili, watu waliotoka kanisani na wasiokwenda kokote walikuja kwetu. Kamanda alikaa kwenye kiti, wenzake wamesimama na fimbo zao. Yule mama jirani alikaa chini upande wa ukutani, mtoto mgongoni. Mafiga yalikuwa palepale, yamegeuka, na kila aliyeingia aliyaona na kujifanya hakuyaona.

Mwalimu alimwamkia Bibi kwa kupiga goti, akatandika kanga juu ya meza, akaanza kufungua skrubu. Watu walisogea. Alitoa kibodi, akatoa kifuniko, mpaka ule ubao wa kijani ukabaki uchi.

"Mbona hakuna damu?" kijana mmoja akauliza, watu wakacheka, kamanda akamtazama, wakaacha.

Akaonyesha chipu yenyewe. Nyeusi, miguu minane. "Yuko humu," alisema. Nilijuta kwamba alisema vile, maana mama mmoja alirudi nyuma akajikwaa.

Akaibana ile miguu minane kwa kibanio kidogo chenye nyaya, nyaya zikaenda kwenye laptopu yake. Kwanza alinakili kilichokuwemo, akakiweka kwenye flashi. Kisha akafungua nakala ile kwenye skrini yake. Ilikuwa takataka ya alama zisizosomeka, kurasa kwa kurasa, mpaka akafika mahali pamoja akasimama. Katikati ya takataka, wazi kabisa, kulikuwa na jina.

Kamanda alilisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Yule mama hajui kusoma sana. Alituangalia sisi tuliokuwa tunasoma, nyuso zetu, akajua.

"Ni yeye?" aliuliza.

Mwalimu hakujua mume wake aliitwa nani. Mimi nilikuwa najua, nikakazia macho ule ubao wa kijani.

Mwalimu akaandika fimwea mpya. Ilichukua muda. Nzi walitua juu ya ubao wa kijani. Akarudisha skrubu, akachomeka chaja kwa waya mrefu kutoka chumbani kwa Bibi, akabonyeza.

Feni ikavuma. Skrini nyeusi. Tukangoja. Nyeusi. Kamanda akakohoa. Mwalimu alikuwa amefumba midomo na niliona jasho juu yake, na nikawaza, imekufa, na ikifa hivi, kimya, mbele ya watu wote hawa baada ya jina lile, Bibi ameisha.

Kisha mstari mmoja wa herufi ndogo ukatokea, mwingine ukafuata, na ikawaka. Hakukuwa na kampuni. Hakukuwa na jina.

"Mara ya kwanza huwa inajipanga," mwalimu akasema, akajifuta jasho. Akafungua ule msimbo kwenye laptopu yake, akawaita waliosoma waje waone. Ni Kiingereza cha ajabu, akaufasiri vipande: hapa inaamsha kumbukumbu, hapa inaamsha skrini, hapa inaangalia saa. "Amri ya kuamka iko kwa mwenye mashine. Hakuna aliyejificha. Mkitaka muusome wote mpaka mwezi ujao, someni."

"Nani atasoma yote hayo?" kamanda akauliza.

"Mimi sijasoma yote, baba. Lakini wapo waliosoma, na hawajuani, kwa hiyo hawawezi kutudanganya kwa pamoja."

Wazee walitikisa vichwa kwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana. Niliona haitoshi. Watu walikuwa wameona mwalimu mgeni akitoa kitu na kuingiza kitu. Mganga naye hufanya hivyo.

Sijui nilisimamaje. Nilimwendea yule mama, nikapiga goti. "Shikamoo." Hakuitikia. Nikasema hivyohivyo, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine: "Mama, iambie wewe. Sema iamke saa ngapi."

Akanitazama. "Mimi?"

"Wewe. Mimi nitaandika utakachosema, watu wanaona."

Alifikiri. Kulikuwa na uji kwenye kikombe mkononi mwa mtoto wake wa pili. "Iamke huyu akimaliza uji," alisema.

"Hiyo haijui uji, mama, inajua dakika."

Watu wakacheka, na yeye karibu acheke. Akasema dakika tano. Nikaandika mbele ya kamanda, mashine ikazima. Giza kwenye skrini. Watu wakasogea karibu na meza. Mtoto akanywa uji wake na kuramba kikombe. Nilikuwa nimeisimamia hiyo mashine alfajiri nyingi, lakini sijawahi kuiogopa kama mchana ule kwenye jua.

Feni. Ikawaka.

Mama alishika mdomo.

"Umeiamsha," Bibi alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imenyooshwa mbele, macho yake mekundu wazi kabisa. "Umeamsha kitu kwa maneno, mchana, mbele ya sungusungu. Je, na wewe tukugeuzie mafiga?"

Walioanza kucheka waliacha katikati. Kamanda alitazama mawe, safari hii bila kujificha. Akasema yeye ameona, na kesho, Jumatatu, atakuja alfajiri aone tena, na mtu mwingine yeyote asisogelee nyumba hii.

Watu walipokuwa wanatawanyika yule mama alibaki. Alinishika mkono wa gauni.

"Lile jina limekwenda wapi?"

Nilidhani anauliza kama tumelitoa. Kisha nikamwona usoni, nikaelewa kwamba alfajiri zile zote alikuwa analala macho akingoja lisemwe. Alikuwa anatuchukia, na alikuwa anangoja.

"Si yeye, mama," nilimwambia. "Ni mtu mwingine wa ofisini, wa jina hilo. Hatumjui. Sisi hatukujua kwamba baba alikuwa anaitwa hivyo."

"Hakuna aliyejua," alisema. "Nilikuwa namwita mimi tu." Akajifunga mtoto vizuri, akaenda zake kwa kuzunguka, hakupita kwenye ua.

Jumatatu kamanda alikuja kungali giza jepesi, akakaa kitandani kwa Bibi pamoja nasi, fimbo magotini, tukiitazama laptopu ambayo imezimwa. Muda wake ukafika. Ukapita. Jogoo wakamaliza. Jua likaingia dirishani likaangukia kibodi, na hakuna kilichovuma.

"Basi," kamanda akasema. Akatoka nje kutangaza.

Si kwamba wote walikubali. Wapo waliosema mwalimu amemhamishia kwenye flashi akaondoka naye, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu kwa namna fulani ni kweli: ile nakala ya kwanza mwalimu alinipa mimi, ninayo, sijaifungua. Na kuna jambo jingine, mwalimu aliniambia pembeni. Ndani ya mashine kuna kipande kidogo cha kiwandani ambacho hata fimwea huria haikuweza kukiondoa chote. Wamekipunguza, wamekinyamazisha. Kukisoma hakuna anayeweza.

Nilimwambia Bibi, kwa kuwa sitaki kumficha.

"Kinafanya nini?"

"Hatujui, Bibi."

Akafikiri. "Hicho usiwaambie wale."

Nimerudi kuandika. Plasta nimeiacha kwenye kamera. Huwa nawaza kwamba mashine imepata bahati ambayo Bibi hana. Mashine watu walipoishuku, iliwezekana kuibana miguu minane, kutoa kilichomo na kukisoma mchana kweupe. Bibi wangemsoma kwa kibanio gani? Angebaki amesema tu, na wao wameamua. Mtu anaponiuliza siku hizi faida ya hii fimwea, ninamwambia inawaka haraka, haina kufuli ya mtu, laptopu kuukuu haitupwi. Hiyo ya kwamba inasomeka huwa naisema mwisho, kwa sauti ndogo, kwa sababu ndiyo iliyomwacha Bibi yangu hapa.

Mafiga yalikaa yamegeuka wiki nzima. Kisha asubuhi moja nilitoka na ndoo nikayakuta yamerudishwa. Matatu yote, yamekaa sawasawa, masizi kwa ndani, na jivu jipya limetandazwa katikati. Hatukusikia nyayo. Hakuna mbwa aliyebweka. Juu ya figa moja kulikuwa na bakuli la michembe, limefunikwa.

Nilitazama ng'ambo ya minyaa. Mlango umefungwa, moshi unatoka.

Bibi hakuuliza ni nani. Aliwasha moto nje, akainjika maji, akaingia chumbani kuchukua kanga. Nilimsikia akisimama mbele ya laptopu, ambayo ilikuwa imezimwa, skrini nyeusi. Hakuiita kwa jina.

"Mwangaluka," alisema.

Akangoja muda wa kutosha mtu kuitikia, kisha akatoka kunywa uji.